RISASI YA NCHI KAVU NA RISASI YA ZIWANI

Kila meli inapotia gati Kemondo, na kila mtumbwi unapowasili kutoka Goziba, Bumbire, Ikuza au Mazinga na shehena ya dagaa, hushuka pamoja na mizigo maneno ya visiwani. Miongoni mwa maneno hayo yako ambayo tumeyasikia mara nyingi mno hata haifai tena kuyapuuza. Kwamba kiboko aliyepigwa risasi jana ameonekana leo, tena mkali kuliko jana. Kwamba mamba alifyatuliwa risasi kadhaa akazama, na hakuna ajuaye kama alikufa au alikwenda zake. Kwamba doria ilipokuwa ikiwafukuza usiku wezi wa injini na nyavu, risasi zilisikika zikilia juu ya mapaa ya watu waliokuwa wamelala. Ndugu zetu wa visiwani huhitimisha kwa ombi moja: leteni bunduki kubwa. Nao maofisa huwa na jibu moja: bunduki mpya zitakuja fedha zikipatikana.

Kwa maoni yetu, pande zote mbili zinazungumzia kitu kisicho chenyewe. Bunduki ni kinu tu. Kinachotoka ndani yake kwenda kuua, kujeruhi au kukosa ni risasi, na katika mabishano yote tuliyoyasikia gatini na maofisini hatujamsikia mtu akiuliza ni risasi ya namna gani, ya uzito gani, iliyotengenezwa mwaka gani, na imelala ghalani kwa muda gani. Swali hilo si la mafundi peke yao. Ni swali la mwananchi anayevua usiku na la mtumishi wa serikali anayetia sahihi hati ya kununulia.

Lugha yetu yenyewe imetufanya tulale katika jambo hili. Neno risasi kwetu ni madini, yale mazito ya kijivu ambayo wavuvi huyafunga kwenye nyavu. Ndilo pia jina la kile kipande kinachoruka. Na ndilo jina la kitu kizima kinachotiwa ndani ya bunduki. Kumbe kitu hicho kizima kina viungo vinne. Liko ganda, ambalo kwa kawaida ni la shaba ya njano. Iko fataki kwenye kitako cha ganda, inayowaka ikigongwa. Iko baruti ndani. Na kiko kichwa mbele. Wataalamu wa dunia wametumia zaidi ya miaka 130 kubadili hiki na kile katika viungo hivyo vinne, na kila badiliko lilifanywa kwa kazi maalumu, mahali maalumu. Hapana hata moja lililofanywa kwa ajili ya mtumbwi katika Ziwa Viktoria.

Historia ya nchi hii inayo mafunzo ya kutosha. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, sehemu kubwa ya askari wa Kijerumani hapa Afrika Mashariki walikuwa na bunduki za mtindo wa 1871, zenye mtutu wa milimita 11 na zinazotumia baruti nyeusi. Mfaransa Paul Vieille alikuwa amekwisha kuvumbua baruti isiyo na moshi tangu mwaka 1884, lakini makoloni hupewa makombo. Katika mapigano ya Tanga, Novemba 1914, kila askari mwenye bunduki hizo aliyefyatua alitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui mahali alipo. Mwaka uliofuata, Juni 22 na 23, 1915, majeshi ya Waingereza yaliyovuka ziwa kutoka Kisumu yaliiteka Bukoba yetu na kuuharibu mtambo wa simu ya upepo. Miongoni mwao alikuwamo mwindaji mashuhuri Frederick Selous, mzee wa miaka 63. Wazee wetu waliona mchana kweupe tofauti baina ya silaha na silaha.

Lakini kisa kinachotufaa zaidi ni cha Aprili 1915. Meli ya Kijerumani iitwayo Rubens, iliyojifanya ya Denmark, ilifika katika ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga ikiwa imebeba bunduki mpya na mamilioni ya risasi. Manowari ya Kiingereza ikaishambulia, nayo ikazama katika kina kifupi. Shehena iliokolewa, ila risasi zilikuwa zimeingiwa na maji ya bahari. Basi ikabidi zifunguliwe moja moja, baruti ikaushwe, kisha zifungwe tena, na hata baada ya kazi hiyo nyingi hazikulia. Tunaomba mtunza ghala wa kituo chochote cha mwambao wa ziwa akisome kisa hicho mara mbili kabla ya kuliweka tena sanduku la risasi kwenye sakafu ya saruji.

Sasa tuje kwenye ombi la bunduki kubwa. Mwanzoni mwa karne iliyopita aliwinda katika nchi ya Karamoja, kaskazini mashariki ya Uganda, Mskoti mmoja aitwaye W.D.M. Bell. Aliua ndovu zaidi ya 1,000 katika maisha yake, jambo ambalo leo hatulisifu hata kidogo. Tunalolitaja ni chombo chake. Wengi katika hao aliwaua kwa bunduki ya milimita 7, nyembamba kuliko hata ile SMG ambayo kila mtu anaifahamu. Watu walidhani ni uchawi. Haukuwa uchawi, ilikuwa ni hesabu, na hesabu yenyewe yaweza kufanywa na mtoto wa darasa la saba. Kichwa cha risasi yake kilikuwa kirefu, kigumu, cha mviringo mbele, chenye uzito wa gramu 11 na kidogo. Ukiugawa uzito huo kwa eneo la tundu ambalo kichwa kinalitoboa, kila milimita ya mraba inasukumwa na uzito wa miligramu 275 hivi. Kichwa cha SMG kina gramu 7.9 na ni kipana zaidi. Ukigawa unapata miligramu 160 tu. Kwa hiyo kitu chembamba na kirefu hupenya mfupa na nyama nyingi, na kitu kifupi na kipana husimama njiani, kama vile msumari na kifungo cha shati vikigongwa kwa nyundo ile ile. Jambo la pili ni kwamba Bell alijifunza umbo la fuvu la ndovu mpaka akajua ubongo uko wapi kutoka kila upande. Hakufyatua asipopaona.

Risasi ya SMG haikuzaliwa kwa kazi hiyo. Warusi waliibuni mwaka 1943, katika vita vilivyowafundisha kuwa askari wengi hupigana na adui aliye chini ya mita 300, na kwamba risasi ndefu za zamani zilikuwa nzito kubeba na zilipiga mateke begani. Wakafupisha ganda, wakapunguza baruti, na askari mmoja akaweza kubeba risasi nyingi zaidi na kufyatua mfululizo. Kwa kazi yake, hapana awezaye kuikosoa. Vijana wetu waliovuka Mto Kagera mwaka 1979 kwenda kulipiza uvamizi wa Oktoba 1978 walikuwa nayo mikononi, na matokeo yanajulikana Kampala na dunia nzima. Lakini nguvu yake inapotoka mtutuni ni jouli 2,000 hivi. Ile ya Waingereza ya .303, iliyokuwa mikononi mwa askari wa King's African Rifles na polisi wa kikoloni, ilikuwa na jouli 3,100. Ile ya .375 iliyotolewa na Holland & Holland mwaka 1912, ambayo taratibu zetu za uwindaji zimeifanya kuwa kima cha chini kwa wanyama wakali, ina zaidi ya jouli 5,500, na kila milimita ya mraba ya kichwa chake husukumwa na miligramu 270, karibu sawa kabisa na ya Bell.

Kiboko ana uzito wa tani moja na nusu, pengine mbili. Kumpiga kwa SMG kwa sababu ndiyo iliyopo ni kumjeruhi, na kiboko aliyejeruhiwa ni adui wa kila mtumbwi utakaopita hapo kwa majuma mengi yanayofuata. Tunasema hivi bila kumlaumu askari. Mmoja wetu aliwahi kusimama katika mwalo mmoja, ambao hatutautaja, akamwona kijana wa doria akiletewa lawama za kijiji kizima kwa kutomaliza mnyama. Kijana yule alikuwa na risasi 6 na bunduki iliyotengenezwa kwa ajili ya vita. Aliyestahili lawama hakuwapo ufukweni.

Je, basi tununue kubwa kupita zote? Hapa ndipo tunapowaomba ndugu zetu wa visiwani wasikilize kisa kingine. Mwaka 1956 kampuni ya Winchester ya Marekani ilitoa risasi ya .458, yenye kichwa cha gramu 32, ili kuwapatia wawindaji wa Afrika nguvu ya zile bunduki za Kiingereza za mitutu miwili kwa bei nafuu. Idara nyingi za wanyamapori barani zikaipenda. Kasoro ikajificha ndani: ganda lilikuwa fupi mno kwa baruti iliyohitajika, kwa hiyo baruti ilishindiliwa kwa nguvu. Baada ya kukaa muda mrefu, baruti iliyoshindiliwa iliweza kugandamana kama sukari iliyopata unyevu, isiwake yote, na kichwa kikatoka kichovu. Mwindaji aliyejiamini kuwa na nguvu ya tembo mkononi akagundua, nyati akiwa mbele yake, kuwa ana kitu kingine. Kasoro hiyo imekwisha kurekebishwa kwa baruti mpya. Hata hivyo funzo lilibaki: ukubwa ulioandikwa kwenye sanduku si lazima uwe ndio ukubwa unaotoka mtutuni, na ghala la joto huweza kuupunguza.

Wale Waingereza wa zamani waliyajua mambo ya joto. Baruti huwaka kwa haraka zaidi ikiwa na joto, na shinikizo ndani ya ganda hupanda. Ganda likashika ukuta wa chumba cha bunduki, halitoki, na mnyama hangoji. Kwa sababu hiyo magunda yao ya Afrika na Bara Hindi yalifanywa makubwa na kutiwa baruti kwa kiasi cha kuacha nafasi, ili shinikizo libaki la chini. Lile ganda la .375 lilifanywa refu lenye kuchongoka taratibu kuelekea mbele, nalo hutoka kwa wepesi hata jua likiwa kali.

Huko ng'ambo siku hizi mtindo umegeuka. Tangu mwaka 2007, ilipobuniwa ile iitwayo 6.5 Creedmoor, mafundi wa Marekani wamefuata njia moja: kichwa chembamba, kirefu mno, kilichochongoka kama mtumbwi wa mashindano, kikizungushwa kwa kasi na misokoto ya karibu karibu ndani ya mtutu ili kisiyumbe. Kichwa cha namna hiyo hukata upepo kwa urahisi na hufika mbali kikiwa bado na mwendo. Mwezi Aprili 2022 jeshi la Marekani likachagua bunduki mpya yenye risasi ya milimita 6.8, ambayo ganda lake lina kitako cha chuma cha pua na mwili wa shaba ya njano, kwa sababu shinikizo lake ni kubwa mno kwa shaba peke yake: zaidi ya mara moja na nusu ya shinikizo la risasi ya SMG. Sababu yao inaeleweka. Wanataka kutoboa fulana za chuma za adui aliye mbali.

Sisi hatuna adui wa namna hiyo hapa Kemondo. Tunayo mitumbwi. Risasi inayosifiwa kwa kufika mbali ndiyo hiyo hiyo itakayofika kisiwa cha pili. Basi ofisa atakayeletewa vitabu vya rangi vya wauzaji, vyenye kusifu kasi na umbali, na aulize kwanza: umbali huo, mbele yake kuna nani?

Hili la mbele kuna nani ndilo lililotufanya tushike kalamu. Nchi kavu, mtu akikosa shabaha, risasi huenda ikazikwa na udongo, kichuguu au mti. Ziwani hapana udongo. Maji, ambayo kwa macho ni laini, huwa kama sakafu ya mawe kwa kitu kiendacho kwa kasi kinapoyagusa kwa pembe ndogo. Watoto wetu huyajua haya kwa mchezo wa kurusha vijiwe bapa vikadundadunda. Kwa risasi, mpaka ni digrii 5 hadi 8 hivi: ikiyagusa maji kwa pembe iliyo chini ya hapo, haizami, huruka tena, ikiwa imepinda njia na bado ina nguvu ya kuua.

Fanyeni hesabu pamoja nasi. Askari ameketi ndani ya boti, jicho lake liko mita moja na nusu juu ya maji. Kichwa cha kiboko kiko mita 30 mbele yake. Pembe ya risasi yake kuelekea maji ni digrii 3 tu. Maana yake ni kwamba kila risasi itakayomkosa kiboko huyo itaruka. Si baadhi, kwa kawaida, kila moja. Akisogea mpaka mita 15, pembe haifiki digrii 6, bado ni bahati nasibu, na hapo kiboko naye anaweza kumfikia. Lakini askari huyo huyo akipanda juu ya mwamba wa mita 6, na visiwa vyetu vimejaa miamba, kiboko akiwa katika mita 30 zile zile, pembe huwa zaidi ya digrii 11 na risasi iliyokosa huzama. Hapana fedha iliyotumika hapo, hapana bunduki mpya. Ni kupanda mwamba tu.

Na risasi inayozama nayo ina habari yake. Maji ni mazito mara 800 kuliko hewa, na ukinzani wake hupanda kwa kasi kadiri mwendo unavyozidi. Kitu kikienda mara mbili, hukinzwa mara nne. Ndiyo maana risasi nyembamba za kasi sana hupinduka au kuvunjika vipande baada ya mita moja hivi. Anayemfyatulia mamba aliyekwisha kuzama anapoteza mali ya umma. Sharti angoje kichwa kitoke, naye awe na subira, kwa maana ubongo wa mamba ni mdogo mno. Kiboko aliyekufa huzama kwanza, huelea baadaye, pengine baada ya saa nzima au zaidi; ghasia za kusema amekosa, fyatua tena, huanza katika saa hiyo. Wananchi wana wajibu wao hapo. Wakae mbali, wanyamaze.

Habari ya wezi wa ziwani ni ngumu zaidi, wala hatutajidai kuimaliza. Tangu wimbi la wakimbizi la 1994 na vita vya majirani zetu, silaha za kivita zimezagaa katika eneo hili la Maziwa Makuu, na mvuvi anayenyang'anywa injini usiku hana muda wa kusikiliza somo la pembe na digrii. Tunamwelewa. Lakini usiku wa giza, wakati wa msimu wa dagaa, taa za wavuvi hutapakaa juu ya ziwa kama mji, na risasi ya SMG iliyorushwa juu kidogo huenda kilomita mbili na zaidi kabla ya kuanguka. Tena ni risasi iliyovishwa koti gumu pande zote, kwa sababu mkutano wa The Hague wa mwaka 1899 ulikataza majeshi kutumia zile zinazotanuka mwilini, kama zile zilizotengenezwa Dum Dum huko Bara Hindi. Ubinadamu huo wa vitani una upande wake wa pili: risasi yenye koti gumu huweza kupita ndani ya mtu, ikapita ubao wa mtumbwi, ikamfikia asiyehusika. Kwa hiyo tungependa doria za ziwani zitumie mwendo, taa kali na idadi ya watu kwanza, na pale ambapo kufyatua hakuepukiki, zifyatue moja moja na kwa kulenga, kamwe si kwa mfululizo. Mfululizo juu ya maji kutoka boti inayoyumba ni kuyakabidhi maisha ya watu kwa mawimbi.

Katika mambo mapya ya ng'ambo, mawili tunayaunga mkono bila kusita. La kwanza ni baruti ambazo nguvu yake haibadiliki sana joto likipanda au kushuka. Kwa nchi ya joto hizo si anasa. La pili ni vichwa vya shaba tupu, vilivyoanza kuenea tangu miaka ya 1980, ambavyo, kwa mzaha wa lugha yetu, ni risasi zisizo na risasi. Risasi ya madini ni sumu. Ndege walao mizoga hufa kwa kumeza vipande vyake, na kwa sababu hiyo jimbo la California lilipiga marufuku risasi za madini hayo katika uwindaji wote tangu Julai 1, 2019, na Umoja wa Ulaya ukakataza marisawa ya madini hayo katika maeneo ya majimaji tangu Februari 2023. Mzoga wa kiboko huliwa kisiwani na watu, si ndege peke yao. Kichwa cha shaba kigumu hupenya vizuri zaidi kwa kiboko na hakiachi vumbi la sumu katika nyama. Bei yake ni ya juu, lakini kwa kazi hiyo kituo hakihitaji maelfu. Huhitaji makumi kwa mwaka.

Tumetaja ghala, na sasa turudi huko, kwa sababu ndiko fedha za umma zinakofia kimya kimya. Baruti isiyo na moshi hufanywa kwa pamba au nyuzi za mti zilizotiwa tindikali ya naitriki, nayo huanza kuoza tangu siku inapotengenezwa. Viwanda huichanganya na dawa ya kunyonya hewa chafu inayotoka, na dawa hiyo hwisha. Joto likizidi, huisha mapema. Risasi za bunduki zikiharibika hushindwa kulia au hulia vibaya. Zana kubwa zikiharibika hufanya yale yaliyotokea Mbagala Aprili 29, 2009 na Gongo la Mboto Februari 16, 2011, ambapo kila mara walipotea watu wasiopungua 20. Sanduku la risasi katika kituo cha kisiwani haliwezi kubomoa mtaa, hilo twalijua. Laweza tu kumwacha askari mbele ya mamba na bunduki inayosema "tik". Liinuliwe juu ya mbao, liwe mbali na bati la paa, litiwe tarehe, na zile za zamani zitumiwe katika mazoezi kabla hazijawa za kale.

Tukiwa hapo kwenye tarehe, kila ganda lina alama kwenye kitako chake, za kiwanda na mara nyingi za mwaka. Ganda lililookotwa katika mwalo baada ya wizi ni barua iliyoandikwa. Kinachokosekana ni msomaji. Mapatano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2005 kuhusu kufuatilia silaha ndogo yaliziacha risasi nje, na ni mwaka 2023 tu ndipo mataifa yalipokubaliana juu ya utaratibu wa kuzisimamia risasi tangu kutengenezwa hadi kuharibiwa. Nchi yetu ina kiwanda chake, Mzinga, huko Morogoro. Wasomaji wa Kanda ya Ziwa pengine wanakumbuka kelele zilizozuka Ubelgiji mwaka 2005 juu ya mitambo ya risasi iliyokusudiwa kupelekwa Mwanza. Hofu ya wakosoaji ilikuwa kwamba risasi zingevuka ziwa na mipaka bila kujulikana zilikotoka. Hofu hiyo inayo dawa, nayo ni alama ya wazi kwenye ganda na daftari la kweli kituoni: zimetoka ngapi, zimerudi ngapi, magunda mangapi yameokotwa. Vikundi vya BMU katika mialo vingeweza kuokota na kuwasilisha magunda hayo polisi, kama polisi nao wangeyapokea bila kumgeuza mleta kuwa mshukiwa.

Na wale wanaoficha gobori uvunguni kwa ajili ya mamba? Tunawasihi wazisalimishe. Gobori lililotiwa baruti ya kienyeji na vipande vya nondo halina kipimo cha shinikizo wala cha shabaha. Mara nyingi linayemjua ni mwenye kulishika, vidole vyake na macho yake.

Kwa hiyo, kwa Halmashauri ya Muleba, ya Bukoba, na kwa wote wanaohusika na wanyamapori na ulinzi wa ziwa, ombi letu halihitaji tume. Kila eneo la visiwa liwe na bunduki moja ya .375 iliyo nzima, na mtu mmoja aliyefundishwa kuitumia, pamoja na picha ya fuvu la kiboko na la mamba ukutani. Apewe risasi za mazoezi, walau 20 kwa mwaka, kwa maana asiyefyatua mwaka mzima hatajua kulenga siku ya msiba. Apewe boti yenye mafuta, ili asichukuliwe na mtumbwi wa mfiwa. Kifuta machozi kinachotolewa na serikali kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2011 ni jambo la huruma, nasi hatulidharau. Lakini bei ya sanduku moja la risasi zinazofaa ni ndogo kuliko kifuta machozi cha mtu mmoja. Tumeulizwa na mzee mmoja wa Goziba, akisubiri mzigo wake upakuliwe hapa gatini, kama barua hii ya gazeti itafika Bukoba kabla ya mvua, maana mvua zikianza viboko husogea hadi kwenye migomba. Tumemwahidi kwamba gazeti litafika. Kuhusu risasi, jibu liko maofisini.